Nilimwambia Mama Garanti Imo Kwenye Kompyuta

"Wewe unaulizaka kila kitu. Mbona hiki haukukiuliza?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amesimama mbele ya friza iliyo wazi, ameziba pua kwa ncha ya kitenge. Hakupaza sauti. Maji mekundu yalikuwa yanatambaa sakafuni kuelekea mlangoni, nikaenda kutafuta kitambaa cha kupangusia.

Nakuandikia wewe usiyenijua, kwa sababu wanaonijua hapa Rumonge wana picha yao juu yangu. Kosa ni langu. Nilidanganywa kidogo, ndiyo, lakini mimi ndiye niliyemdanganya mama, na hilo ndilo nililokuja kulisema.

Nilisoma uchumi chuo kikuu Bujumbura. Nilirudi nyumbani na diploma, bila kazi, na tabia ya kutokubali kitu kabla ya kukihoji. Muuguzi akinipa dawa, namwuliza kwa nini hii na si ile. Kaka yangu ananiita Polisi. Mama alikuwa anajivunia jambo hilo. Akienda kununua kitu cha maana, ananichukua.

Mama anauza samaki. Siku hizi ziwa hufungwa kwa kipindi ili samaki wazaliane, na hakuna mtumbwi unaoruhusiwa kutoka. Mwenye friza hujaza samaki mapema. Asiye nayo hukaa mikono mitupu. Ndiyo maana mama alitaka friza kubwa, na alitaka kuinunua Bujumbura, kwenye duka lenye kibali cha kampuni inayozitengeneza. Dada yake alinunua huko, ikaharibika, fundi wao akaja kuitengeneza bila kumtoza kitu.

Mimi nikacheka. Nikamwambia kwamba garanti ni karatasi, na kwamba wale wanampandishia bei kwa ajili ya karatasi. Nikamwambia namjua mtu.

Mtu huyo nitamwita Fabrice. Tulisoma darasa moja. Anauza vyombo vya umeme katika ua wa mjomba wake karibu na bandari, vinavyoletwa kwa boti kutoka Kigoma. Hana duka, hana kibali. Chuoni tulikaa benchi moja tukiwakosoa walimu. Nilimwamini kwa sababu na yeye hakuwa anaamini chochote. Ukiniuliza leo, hiyo si sababu. Siku ile ilinitosha.

"Karibu, mama," Fabrice alisema. "Huyu mutoto wako alitutesa sana kule chuoni. Mwalimu akisema moja na moja ni mbili, yeye anauliza ni nani alihesabu."

Mama akacheka. "Hata nyumbani iko vile. Leo akuulize wewe, mimi nipumuzike."

Nikamwuliza kwa nini bei yake iko chini.

"Kwa sababu mimi silipie vioo vya duka, na silipie mudada wa kukaa mu baridi ya klimatizeri akikata kucha."

"Na garanti?"

"Garanti ni nini, dada? Unalipia woga wako mbele. Si wewe uliandika hivyo mu memwari yako?"

"Sikuandika hivyo."

"Ni karibu hivyo."

Nilitabasamu. Nilipenda kuona kwamba kuna mtu anakumbuka memwari yangu, ile tasnifu ya kumalizia chuo.

Sasa sikiliza hapa. Kwetu hakuna anayelipia chombo cha umeme kabla ya kukiona kinawaka. Hata taa ya kawaida, muuzaji ataichomeka mbele yako, ndipo utoe pesa. Lakini vyombo vinavyotoka Kigoma vina plagi ya miguu mitatu, na soketi zetu zina matundu mawili ya mviringo. Fabrice alisema tungeweza kutafuta adapta. Mimi nikasema sinunui kwa ahadi ya adapta.

"Kata," nikamwambia. "Nataka kuona inagandisha."

Akachukua koleo, akaikata plagi, akafunga nyingine ya miguu miwili. Waya wa tatu ulibaki hauna pa kwenda, akaukunja na kuuzungushia tepu nyeusi. Friza ikanguruma. Niliweka kiganja ndani nikakiacha humo mpaka kikaanza kuuma kwa baridi. Nikamtazama mama kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya garanti, tupu. Nyumbani niliijaza mwenyewe, jina la mama na tarehe, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki. Mama akaigeuzageuza akitafuta muhuri.

"Kashe iko wapi? Ya dada yangu iko na kashe ya duka."

"Siku hizi hawapigi kashe, mama. Iko mu kompyuta."

"Mu kompyuta ya nani?"

"Ya kampuni. Ni mwaka muzima."

"Bon," mama akasema, akaiweka chini ya godoro.

Alikuwa ameuliza maswali mawili, yote sahihi. Mimi msomi nikayajibu kwa uongo, bila hata kusita. Kwa nini? Nimejiuliza sana. Fabrice hakunilipa kitu. Nilitaka tu ionekane nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na karatasi isiyo na muhuri ilikuwa inanipinga.

Friza ilifanya kazi vizuri. Ziwa lilipokaribia kufungwa, wanawake wa mtaani walianza kuleta samaki wao, maana mama hamnyimi mtu nafasi. Kila mmoja alifunga mfuko wake kwa kipande cha kitenge chake, ili wasichanganye. Mama Asha, jirani yetu, alileta mikeke mingi, wale samaki wa ziwani wanaothaminiwa, ya harusi ya binti yake. Mama aliipanga chini kabisa, penye baridi kali.

Ziwa likafungwa. Kisha asubuhi moja friza ikanyamaza. Umeme ulikuwepo na redio ilikuwa inaimba. Friza tu ndiyo iliyokufa.

Wanawake walifika haraka. Mama Asha alikuja na beseni na chumvi. "Bado wako na barafu," alisema. "Tuwatoe, tuwapasue, tuwatie chumvi, tuwaanike. Watapona."

Angekuwa sahihi. Lakini mama alimshika mkono. "Mama Asha, mikeke ya harusi utaikausha kama ndagala? Tulia. Iko na garanti. Mutoto wangu anaenda Bujumbura sasa hivi, fundi anakuja. Musiifungue, baridi isitoke."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Wote walinitazama. Sentensi moja tu ingetosha. Nilisema, "Ngoja nichukue viatu."

Hilo ndilo ungamo langu. Hayo mengine ni maelezo tu.

Njia nzima nilikuwa natayarisha hoja. Niliamini kwamba nikiongea vizuri watanielewa. Kwenye lile duka la Bujumbura alilolitaka mama, kijana wa mapokezi alichukua karatasi yangu, akaingiza namba ya friza kwenye mashine yake, akaniambia taratibu kwamba friza hiyo ilitengenezwa kuuzwa nchi nyingine, na kwamba karatasi isiyo na muhuri wa duka lenye kibali haina maana kwao. Nikamwuliza ni sheria gani inasema hivyo. Nikamwonyesha picha kwenye simu ili aone kwamba friza ni mpya. Akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Hii plagi nani aliikata?"

"Muuzaji. Mimi ndiye nilimwambia."

"Basi hata kama tungekuwa tuliiuza sisi, garanti ingekuwa imekwisha. Imeandikwa nyuma."

Nikaigeuza karatasi. Ilikuwa imeandikwa nyuma, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa cha kawaida kabisa, ukikata au kubadilisha waya garanti inafutika. Nilikuwa sijawahi kusoma upande huo.

Nikampigia Fabrice. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, dada. Lakini si tulikubaliana kwamba garanti ni karatasi?"

Wakati wa kurudi, basi lilipofika Gitaza, mama akapiga simu.

"Wanakuja?"

Nje ya dirisha kulikuwa na mabeseni ya ndagala, dagaa wakavu waliobaki tangu kabla ya ziwa kufungwa, kando ya barabara. Nikasema, "Wanatafuta gari."

"Bon. Nawaambia wangoje."

Sikuhisi kitu. Nakuambia ukweli, nilinunua mahindi ya kuchoma Minago nikala.

Nilipofika nilisema fundi atakuja kesho. Kesho yake harufu ilitoka yenyewe, mama akafungua, akauliza lile swali nililoanza nalo. Hapo ndipo nikamwambia yote, kashe, kompyuta, plagi. Alinisikiliza akiwa anafungua vipande vya vitenge kimoja kimoja, anaviweka kando. Hakunipiga, hakunitukana. Alitoka nje akachimba shimo nyuma ya nyumba, nami nikamsaidia kuchimba.

Harusi ya binti ya Mama Asha ilikula maharagwe. Mama ana michikichi michache kule juu, na mavuno yale yote aliyagawa, madumu ya mawese kwa kila mwenye mfuko. Walipokea na kusema murakoze. Baada ya hapo hakuna aliyemletea tena hata samaki mmoja amuwekee. Wanapita mbele ya mlango wetu na mabeseni yao, wanasalimu amahoro, wanaendelea kwa mwingine. Mama anawaitikia. Friza tumeitia unga wa muhogo.

Mimi sikulia. Nilikuwa nalala vizuri, nakula, najibu nikiulizwa. Kilichokufa ni ile hamu ya kuuliza. Mtu akiniambia jambo siku hizi nasema sawa.

Wewe unayesoma, usinunue chombo kwa mtu asiye na duka unaloweza kulirudia. Dai muhuri kabla ya kutoa pesa, soma karatasi mbele na nyuma, na plagi usiikate hata kama mtaa mzima unakata, tafuta adapta. Na kama umeshadanganya, sema barafu ikiwa bado ipo. Ukingoja, wengine ndio watakaolipa.

Juzi hapa, baada ya muda mrefu kupita, Mama Asha alinisimamisha sokoni. Alinishika bega.

"Mutoto wangu, mama yako angekusikilizaka, haya yote hayangefika."

"Angenisikiliza juu ya nini?"

"Si ile friza? Alituambia wewe ulimukataza kabisa. Ulimwambia anunue Bujumbura, kwenye garanti ya kweli, na yeye akashupaa kwa sababu ya bei."

Mama alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaambia hivyo.