Kopo Nililolisoma

Siku moja naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu, na mke wangu akiyasoma haya nitalala njaa mwezi mzima. Ilikuwa Alhamisi, pale Chuno, kwenye gereji ya Fundi Likumbo, mzee aliyenifundisha kung'arisha rangi za magari kwa mashine. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kumaliza masomo ya jioni ya watu wazima, na Kiingereza kilikuwa kinanitoka mpaka puani. Nilisoma kila kilichoandikwa: maboksi ya sabuni, matairi, hata mgongo wa fulana ya mtu aliyeswali mbele yangu.

Fundi Likumbo hakujua kusoma. Polishi aliijua kwa vidole. Alichota kidogo, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada karibu na sikio, amefumba macho kama anayesikiliza taarifa ya habari. Akisikia chembechembe alisema, "Hii inakula." Ikiwa laini alisema, "Hii inalamba." Kisha alitwaa pedi ya sponji, iliyo laini kuliko zote, akajaribu sehemu ndogo tu, ukubwa wa kiganja, chini ya mlango ambako hakuna anayetazama. Akafuta, akachungulia kwa mwanga wa jua. Mikwaruzo ikigoma, ndipo alipanda kwenye sponji ngumu. Pedi ya manyoya, inayokwangua rangi kuliko zote, ilining'inia msumarini, na kuigusa kwake kulikuwa kama kuazima panga la jirani mkali.

Mimi, msomi, niliona anatuchelewesha.

Alhamisi hiyo alikuja Mama Roza, mfanyabiashara wa Kilambo, ambaye wazee wake walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji. Alikuwa mteja wa Fundi tangu mimi sijajua hata kushika kitambaa. Gari lake lilikuwa jeusi, limejaa michirizi ya vumbi na vichaka, na Jumamosi lilikuwa limbebe binti yake, bibi harusi.

"Fundi, nataka inzi akitua hapa ateleze, avunjike mguu," alisema, akilipiga boneti kofi.

"Atavunjika yote sita, mama," Fundi akajibu, akinyoosha kidole kwenye kopo.

Sijui nini kilinipanda. Nikamwahi mkono. "Fundi, mbona imeandikwa hapa? Polishi haisikilizwi, inasomwa!" Nikalisoma kopo kwa Kiingereza, kwa sauti ya kuhutubia uwanja mzima, halafu nikawatafsiria: polishi laini ya kumalizia.

Mama Roza alicheka mpaka akashika kiuno. "Ee, Fundi! Mtoto kakuvua nguo mchana kweupe!" Na mafundi wa jirani wakacheka.

Fundi alitabasamu kwa midomo tu. Adhana ya alasiri ilikuwa inaanza. "Haya, msomi. Soma, mimi naenda kuswali." Mama Roza naye akaenda zake sokoni.

Nikapiga hesabu yangu. Polishi ni laini, michirizi ni mingi, basi nikiweka manyoya nitamaliza kabla hawajarudi. Nikayatoa msumarini, nikaongeza mwendo wa mashine. Ila makopo ya gereji zetu, mwanangu, ni kama vyumba vya kupanga: jina la mlangoni ni la mpangaji aliyehama. Lile kopo lilipoisha tulilijaza polishi kali kutoka kwenye dumu kubwa, na wala sikukumbuka. Nilipofika kwenye ukingo wa boneti, ambapo rangi huwa nyembamba, nilisikia harufu ya kuungua. Nikainua mashine. Klia, ule utando angavu wa juu, haipo, rangi nyeusi haipo, rangi ya chini nyeupe inanitazama. Lilikuwa baka la urefu wa kidole, lakini machoni pangu lilitoka pale hadi Mikindani.

Fundi aliporudi hakupiga kelele. Alichota polishi, akaisugua karibu na sikio langu. Ilikuwa inasaga kama mchanga. Hapo hapo Mama Roza akaingia.

"Nani kafanya hivi?"

Nilifungua mdomo. Kiingereza hakikutoka, Kiswahili hakikutoka, hata Kimakonde cha mama yangu kiligoma.

"Ni mimi, mama," Fundi akasema. "Macho yangu siku hizi si yale. Nitalipaka rangi boneti lote, kesho jioni utakuta tayari."

Akalipaka, na bibi harusi akabebwa. Lakini Mama Roza alikuwa na ulimi unaofika mjini kabla ya yeye mwenyewe. Haukupita mwezi, wateja wakawa wanashuka kwenye magari wakisema, "Mzee apumzike, afanye kijana. Mzee macho yamekwisha." Nami nikafanya. Naomba ulisome hilo mara mbili, mwanangu: nikafanya. Yeye akakaa kwenye benchi na kitambaa chake, macho mazima kama ya mwewe, mpaka siku alipokunja vitu vyake akarudi kwao Mpapura kwenye mikorosho.

Nilipanga kwenda kumwomba radhi baada ya Idi. Ikapita. Nikapanga baada ya msimu wa korosho. Ukapita. Nilifika Mpapura siku ya maziko yake.

Baada ya arobaini nilimfuata Mama Roza, nikamweleza yote. Akasema, "Mimi umeniambia, mwanangu. Na wale wote niliowaambia mimi, utawafikia?" Nilijaribu. Nilizunguka Chuno yote. Kila ninayemwambia ananipiga bega: "Una adabu wewe, unamsitiri mwalimu wako. Ila mzee alikuwa haoni." Mpaka leo wanasema hivyo.

Basi wewe uliyenunua mashine juzi, nisikilize. Usiliamini kopo ambalo hukulifungua wewe. Isugue polishi kwa vidole kwanza. Anza na pedi laini na polishi laini, sehemu ndogo, ufute, utazame. Ukingo upitie kwa mkono. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale walioona, kabla mtu mwingine hajakusemea. Boneti la watu nililiunguza kwa dakika moja na likapakwa upya kwa siku moja. Jina la Fundi Likumbo sijaweza kulirudisha, na nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usiochelewa. Na kama mwalimu wako yu hai, Mungu amweke mpaka umfikie.