Hesabu ya Joto la Baba

Katika mji ule wa mlimani, ambako asubuhi watu huongea huku mvuke ukiwatoka mdomoni, hita nyingi za maofisini zilifungwa na mwanamke mmoja. Mafundi wenzake walimpachika jina la Mara Nne. Akiingia chumbani hakuangalia mapambo. Aliangalia dirisha limekaa upande gani, dari iko juu kiasi gani, na watu wangapi watakaa humo.

"Watu nao ni hita," aliwaambia wateja. "Wamekula, sasa wanaunguza."

Jina lake lilitoka hapo. Chakula hupimwa kwa kilokalori na mashine zake hupimwa kwa BTU, kipimo cha joto cha mafundi, utadhani joto lina koo mbili zisizooana. Kumbe kilokalori moja ni BTU nne, kasoro punje. Mtu akila kilokalori elfu mbili kwa siku, Mara Nne huzidisha kwa nne, anapata elfu nane. Hugawanya kwa saa za mchana na usiku, anapata mia tatu na ushee kwa saa. Hilo ndilo joto la kiti kimoja chenye mtu. Wengi husema "kalori" tu wakimaanisha kilokalori, na yeye huwakatiza, maana ukiteleza hapo umekosea mara elfu.

Basi fundi huyu, aliyepasha joto nusu ya mji, baba yake alikuwa akitetemeka nyumbani kwake.

Mzee alikuwa muoka mikate. Alipoacha kazi alihamia kwa binti yake, na baridi ikamshika kama mdai. Kaka mkubwa wa Mara Nne, aliyekaa bondeni kwenye joto, alipiga simu: "Mwisho wa mwezi nakuja. Nikimkuta bado anatetemeka, naondoka naye." Mara Nne hakutaka. Huko bondeni watu hutoka alfajiri na kurudi wamechoka. Mzee angebaki anaongea na kuta.

Akamfungia hita chumbani. Akaongeza ya pili. Akaziba nyufa za dirisha na kutoa amri: mlango ufungwe muda wote, joto lisitoke. Kipimajoto kikasoma vizuri. Mzee akazidi kukaa na koti na kofia.

"Baba, bado baridi?"

"Baridi gani, mwanangu? Koti nimevaa kwa heshima tu." Meno yalikuwa yakigongana.

Mumewe, ambaye ndiye aliyeosha vyombo, alimsikiliza akilaumu dirisha kwa mara nyingine, akachoka. "Mke wangu, liache dirisha la watu. Sahani ya baba inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Kuku wa jirani ndio wamenenepa."

Mara Nne akaliacha dirisha. Katika hesabu yake ya kile chumba alikuwa amemweka baba yake kama mtu mmoja kamili, anayekula akashiba.

"Jana alikula nini?"

"Kipande cha mkate. Yai, nusu. Supu, vijiko vya kuhesabu. Chai, hiyo anamaliza."

Alichukua boksi la hita, akaandika ubavuni kwa penseli. Kilokalori mia nane, kwa kumpendelea. Mara nne, gawanya. BTU mia moja na thelathini na kitu kwa saa: hata nusu ya mtu hafiki. Upungufu wote mwili ulikuwa ukijitafuna wenyewe kuufidia. Akaukumbuka mkanda wa mzee, uliotobolewa matundu mapya kwa msumari.

Akaingia chumbani. "Baba, chakula ni kibaya?"

"Kizuri."

"Meno?"

"Yapo ya kutosha."

"Sasa shida nini?"

Mzee akautazama mlango. "Sahani inaingia, mlango unafungwa. Mimi maisha yangu yote nimekula kwenye meza ya kazi, huyu ananitania, yule ananiibia kipande. Humu ndani nasikia meno yangu tu yakitafuna."

Amri ya mlango ilikuwa ya Mara Nne mwenyewe. Alibeba kiti cha mzee hadi jikoni, ambako hakukuwa na hita yoyote.

Siku za kwanza mzee alidonoa tu. Halafu mkwewe akaoka mkate.

"Baba, onja. Nimeuoka mwenyewe."

"Naona. Ukikuangukia mguuni unalazwa."

"Onja kwanza ndipo utukane."

Mzee akala vipande viwili ili apate ushahidi kamili. Kesho yake alidai unga, akamsukuma mkwe pembeni.

Kaka alipofika mwisho wa mwezi alimkuta baba yake jikoni, unga hadi kwenye viwiko, koti limetundikwa msumarini. Hakuwa amenenepa, na viganja vyake vilikuwa bado baridi. Lakini hakutetemeka. Aliyetetemeka ni kaka.

"Huo mlango mbona wazi? Baridi yote hii!"

"Vaa koti langu," mzee akasema. "Kaa, ule."

Wakala wote mezani. Kaka akamuuliza baba yake kwa sauti ya chini kama afunge mizigo.

"Mizigo ya nani? Kesho nani ataoka, huyu?" Akamnyooshea mkwewe kisu cha mkate, akajikatia kipande cha tatu.

Mara Nne alikuwa akihesabu vile vipande na kuzidisha kimoyomoyo. Jumatatu aliing'oa hita ya pili, akaenda kuifunga kwa mteja.