Salamu Niliyokataa Kuitikia

Mwezi uliopita muuguzi wa zahanati yetu hapa Busunzu alitukalisha akina mama tunaopimwa presha, akatuambia tupunguze chumvi na tutembee. Si kutembea kwenda shambani, alisema. Kusafiri, kukaa kwa watu wengine, kula wanavyokula, kujifunza jambo lao. "Moyo nao huchoka kuona ukuta uleule." Jirani yangu akamwuliza, "Na maharage yangu atapalilia nani, wewe?" Tukacheka wote. Lakini maneno kama yale ya muuguzi niliyasikia utotoni kutoka kwa bibi yangu, na hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anasema juu ya dada.

Sijui kama nitaandika vizuri, maana niliishia darasa la saba. Tena mtu akiandika wivu wake hujipendelea. Nitajitahidi kumtendea haki dada yangu.

Mama alifariki masika, mimi nikiwa na miaka kumi, dada kumi na miwili. Dada akanyamaza. Sisemi alikuwa mpole, nasema hakutamka neno. Mwalimu alimwita jina darasani, akasimama, machozi yakamtoka, akakaa. Chakula alikigusa kwa kidole akarudisha mkono. Mimi niliendelea kula. Nilichota maji, nilitwanga, nilisugua vyombo, na nikitaka kulia nililia jikoni kwenye moshi, ambako kila mtu hulia. Basi ikaonekana mimi nimeshapona.

Bibi akasema, "Huyu mtoto anakauka. Apelekwe akaone watu." Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameolewa karibu na Kasulu, kwenye ukoo uliotoka Burundi zamani na sasa ni raia kama sisi. Akatuma neno kwamba anakuja kuchukua mtoto mmoja. Mmoja tu.

Nikaazimia kukauka na mimi. Asubuhi nilikataa uji, mchana nikasema tumbo linauma. Jioni bibi akapika maharage, akayatia mawese, harufu ikanifuata mpaka mkekani. Nilikula sahani mbili. Bibi alicheka akashika ubavu. "Yewe, mwana wanje, mwanangu wee! Wewe kifo kikija kitakusubiri kwanza ushibe!" Hata baba alicheka, na tangu msiba hakuwa amecheka. Shangazi alipofika, dada akapanda naye basi. Kusema ukweli, lilipoondoka nilitamani asirudi. Halafu nikaogopa, nikamwomba Mungu alifute lile ombi.

Kiangazi kile nilifanya kazi za watu wawili. Kuloweka mihogo, kuimenya, kuianika juu ya mwamba, kuwafukuza mbuzi wa jirani wasiile. Vidole vilinuka muhogo hata kanisani. Na kila nilipoinama niliwaza dada anakula nini sasa hivi, analala na nani, anachekea nini. Nilikuwa sijawahi kufika Kasulu, kwa hiyo Kasulu yangu ilikuwa tamu kuliko yenyewe.

Alirudi mvua za kwanza zilipoanza kunukia. Mashavu yamejaa. Alianza kusema tangu barabarani, na bibi akatoka ndani na unga mikononi, akaketi chini palepale akilia.

Usiku huo dada alitusimulia. Mama mkwe wa shangazi, mwanamke mzee sana, alikuwa anawasalimu wageni kwa wimbo. Wenyewe huita akazehe. Wanawake wawili wanashikana mikono, mmoja anaimba ametoka wapi, ameacha nani, amemkumbuka nani, na mwenzake anaingiza "eee" zake katikati, harakaharaka, mpaka sauti mbili zinafumana kama ukili. Kirundi na Kiha chetu ni ndugu, dada alielewa karibu yote. Wiki za kwanza alikuwa anaitikia tu. Siku moja yule mzee akamwambia, "Leo anza wewe. Msalimie mama yako." Dada akaanza. Hivyo ndivyo sauti ilivyomrudia.

Kesho yake alinifuata kwenye mihogo, akanishika mikono. "Nitaimba ile ya mama. Wewe sema 'eee' tu, usinifuate. Nipishe, nami nikupishe."

Nilichomoa mikono. "Nenda ukaimbe na wakimbizi wako."

Neno lile kijijini lilikuwa tusi, na nililijua. Dada hakunisemea kwa bibi. Hakuniomba tena, basi. Alimfundisha binti wa jirani, rika lake, na kila jioni wakawa wanashikana mikono nyuma ya nyumba yetu. Mimi jikoni natwanga kisamvu, roho inaniuma, na kila "eee" ya yule binti ilipoingia nilikuwa nimeshaisema kimoyomoyo kabla yake. Alikuwa anachelewa kidogo. Mimi sikuchelewa.

Wiki iliyopita, baada ya maneno ya muuguzi, nilipanda basi kwenda Kasulu, anakoishi dada sasa. Nimefika kwake mara nyingi kwa misiba na harusi, lakini kutembea tu, hapana. Alinipikia, tukakaa uani, mabinti zake wakiwa na simu zao. Nikamwambia, "Dada, nisalimie ile ya zamani."

"Hee, mdogo wangu! Leo umekula nini?"

Lakini akanishika mikono, akaanza. Mstari wa kwanza unauliza nyumbani kukoje. Nikaitikia mahali pake. Akakatisha, akanitazama.

"Nani alikufundisha?"

"Nilikuwa jikoni."

"Siku zote zile?"

"Zote."

Akajaribu mstari wa pili, ukamkatalia. Akajaribu tena. "Umenitoka," akasema. "Nikiitafuta ile ya mama, sioni hata neno moja." Mabinti wakainua vichwa, wakarudi kwenye simu.

Mimi pia sina maneno. Ukuta ulikuwa unapitisha sauti, si maneno, nami nilikuwa nashika zamu yangu tu, wapi pa kuingia, wapi pa kupisha. Yule mzee wa Burundi alishakufa, bibi alishakufa, na binti wa jirani aliolewa mbali, hatujui ni wapi.

Kwa haki niseme safari imenifaa. Nimelala vizuri kwa dada siku tatu, nimecheka. Lakini wivu haujaisha, umehama tu. Sasa namwonea wivu yule binti wa jirani. Yeye dada alimshika mikono, akamwimbia usoni yote aliyotaka kumwambia mama yetu. Pengine ameshasahau hata kwamba aliyasikia.