Cheni Inayochomoka Mlimani

Kiongozi wa waendesha baiskeli ana miguu mikavu kama mpini wa jembe na mdomo usiojua likizo. Bondeni, kwenye lami iliyonyooka kando ya mto, hujisifu kwamba upepo wenyewe humwomba apunguze mwendo. Kabla ya kila mteremko hupita akibinya breki za wenzake, akiguna kama daktari. Ila ana mkosi mmoja: wakipanda mlima, cheni yake huchomoka, na wote husimama kumsubiri. Leo shemeji yake mnene, aliyeapa kuiuza baiskeli yake akishuka tena kuisukuma, alikuwa nyuma yake kwenye kona kali, mapaja yakimwaka moto. Ndipo akakiona kisigino cha kiongozi kikiisukuma cheni itoke.

"Simameni! Imechomoka tena!"

Shemeji akaweka mguu chini, akihema. "Shemeji, si ununue cheni mpya?"

"Nitanunua siku utakayoacha kukoroma kama trekta," akajibu kiongozi, akachuchumaa. Vidole vyake vyeusi kwa grisi vikahangaika, polepole mno, na cheni haikurudi mahali pake mpaka shemeji alipoacha kuhema.