Kidole kwenye Ukuta Mbichi

Juzi hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nilimsindikiza mama mmoja wa Fizi, mshonaji, kwenda kudai nyumba aliyoinunua. Aliyemuuzia ni baba wa Bukavu anayesubiri kupelekwa Amerika, na alikuwa ameahidi kutoka tangu mwezi uliopita. Tulimkuta anakandika ukuta.

Mama hakusalimu. Alibonyeza kidole kwenye udongo, kikazama.

"Papa, mutu mwenye kuenda Amerika anakandika nyumba ya nini?"

"Ni wewe njo nakutengenezea, mama."

"Na ile maharage umepanda, nani atavuna?"

Baba akafuta mikono kwenye suruali. "Mama, liste ya majina ya ndege haiyatoka. Kuna benye baliuza mapema, safari ikakufa, sasa banalala mu kanisa. Ngoja kidogo."

Mama akanigeukia. "Umesikia? Huyu ni mwizi!"

Nilikubali kwa kichwa. Alimsema njia nzima, mpaka tulipofika kwake. Hapo akasimama ghafla, akiupa mgongo ukuta wake kama mtu anayeficha kitu.

Nilipitisha mkono pembeni yake, nikabonyeza. Kidole kikazama.

Wasomaji, sikuwa nimemsindikiza kwa wema. Nyumba hiyo anayokaa mama nimeinunua mimi, na kila wiki ananiambia nisubiri.

"Sasa mi nitoke niende wapi," akaniuliza, "na yule hajatoka?"

Nilikimbilia kwangu kuchanganya udongo, maana aliyenunua nyumba yangu huwa anakuja kuidai Jumamosi.