Fundi wa Ndoano Aliyemketisha Bosi Kwenye Usukani

Saa moja asubuhi, geti la karakana halijafunguka vizuri, na tayari Bi Rudi Kesho amelala chali chini ya pikapu. Mkono mmoja umeshika tochi, wa pili unapapasa ndoano ya kuvutia trela, unatafuta ufa pale palipochomelewa.

“Nati hii imelegea,” anasema kutoka hukohuko chini. “Dereva, uliikaza lini?”

Dereva anakuna kichwa. “Si ilikazwa siku ya kufungwa, mama?”

“Mwaka juzi hiyo! Na hizo nywele zako, unanyoa mara ngapi?”

Karakana nzima inaangua kicheko. Ndivyo alivyo mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita. Mdomo wake hauna breki, lakini kwenye ndoano hana masihara. Jina la utani amepewa na madereva, maana gari lisilo salama halitoki kwake. Mwenye gari huambiwa arudi kesho, apende asipende.

Nyuma ya gari hukaa tufe la chuma, na juu ya tufe hushuka kikombe cha trela. Fundi ana pete ya chuma aliyoichongesha kwa kipimo. Pete ikipita kwenye tufe kwa urahisi, tufe limelika, halifai tena. Uzito unaolalia ndoano anaupima kwa mizani ya bafuni.

“Kila kilo mia za trela, kama kumi hivi zilalie ndoano,” anaeleza. “Zikipungua sana, trela inacheza huko nyuma kama mkia wa mbwa.”

Miezi minne iliyopita, karakana hii nusura ifungwe. Bosi mmoja wa kukodisha mahema na viti, mwenye trela nane, alinunua pikapu mpya ambazo matufe yake yalikuwa madogo kwa milimita tatu kuliko vikombe vya trela zake. Madereva wake walikuwa na dawa yao: kulivisha tufe kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka kikombe kibane. Bosi akataka fundi afanye hivyo kwa zote nane.

Fundi akakataa katakata.

“Trela hizo zilikuwa zaidi ya nusu ya kazi yetu,” anasema mdogo wake, anayechomelea naye. “Nikamuuliza, dada, watoto watakula pete? Nilinuna siku nzima.”

Hakujua kwamba dada yake aliwahi kufunga mpira huo mwenyewe, miaka mitatu mfululizo, mpaka trela ya mteja ilipochomoka ikaingia mtaroni.

“Hakuna aliyeumia,” anasema fundi, sauti imeshuka. “Ila nilikaa chini palepale. Nikasema basi, sirudii.”

Bosi alipokuja kuzihamishia trela karakana ya ng’ambo ya barabara, fundi alimwomba jambo moja tu: aendeshe mwenyewe. Trela ikapakiwa viti, tufe likavishwa mpira kama alivyotaka, minyororo ya usalama ikapishanishwa chini ya ndoano. Watu wote wakasogezwa kando. Bosi akaenda mdogomdogo kuelekea tuta la uani.

Gari lilipovuka tuta, kikombe kikaruka. Pua ya trela ikaangukia minyororo, ikaning’inia hapo, na viti vikamwagika hadi getini.

Bosi alishuka jasho likimtiririka. “Jana tu trela hii imepita mbele ya shule,” alisema. “Mama, nisamehe. Funga unavyojua wewe.”

“Nilitaka kumcheka, wapi! Nikalia,” anakumbuka fundi.

Tufe la saizi yake lilipofungwa, bosi alivuka tuta lilelile mara tatu, honi juu, karakana nzima ikimshangilia.

Leo trela zote nane huletwa kukaguliwa kila mwezi, na kampuni nyingine tatu zimefuata. Ndoano nne kwa wiki zimekuwa kumi na tano, na wachomeleaji wawili wapya wameajiriwa.

Jumamosi hii fundi anaanza darasa la bure kwa madereva na mafundi. Waliojiandikisha ni ishirini na mmoja. Wa kwanza kabisa ni fundi wa ng’ambo ya barabara, yule aliyekuwa tayari kuzifunga zile trela kwa mpira.

“Nitamkalisha mbele,” anasema akijifuta grisi, uso umemchanua. “Na kabla sijagusa spana, nitawaambia wote kwamba mimi pia niliufunga mpira huo. Miaka mitatu. Asiwepo wa kuona aibu kuacha.”