Ukurasa Ulioomba Kadi

Asubuhi moja nilikuwa nyumbani Kaloleni nikifunga vikapu vya kutuma, simu ikalia. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Mombasa, mteja wangu wa siku nyingi.

"Mwanangu, tangu lini duka lenu likataka namba ya kadi ya benki? Siku zote mimi nalipa kwa simu."

Nikafungua tovuti yangu. Kweli, pale pa malipo palikuwa na fomu ambayo sikuiweka mimi. Vikapu vile vinasukwa na shangazi yangu na wenzake kule Makwasinyi. Jina likiharibika, ni lao kabla ya kuwa langu.

Nikampigia fundi aliyenitengenezea tovuti, rafiki niliyesoma naye sekondari. Alifunga duka papo hapo, akaanza kupekua.

"Ile plagini, programu ya nyongeza ya wateja kutuma picha ya kikapu wanachotaka," akauliza, "umewahi kuisasisha?"

"Ilikuwa inanikumbusha kila nikiingia. Nikawa nabonyeza 'baadaye'."

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba plagini hiyo ilikuwa na tundu: ilipokea faili lolote bila kuangalia kama ni picha kweli. Mtu alikuwa amepitishia programu yake hapo, nayo ikabadilisha ukurasa wa malipo jana yake ili kuiba namba za kadi. Tangu hapo ni wateja wawili tu walioufikia. Mmoja ni yule mwalimu, aliyenipigia kabla ya kujaza chochote. Wa pili alikuwa muuguzi wa Wundanyi.

Nilimpigia huku nimesimama, siwezi kukaa.

"Niliona inaomba kadi," akasema, "nami sina kadi. Nikaachana nayo. Nilidhani mmeamua kuuzia wazungu peke yao."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikamwomba msamaha mara tatu. Yeye hakujua nilikuwa nacheka nini.

Fundi aliing'oa plagini ile, akarudisha nakala safi ya tovuti na kubadilisha nywila zote. Alitaka siku mbili za kuhakikisha hakuna kilichobaki. Jioni nikamweleza shangazi kwamba duka litafungwa kidogo, kuna mtu alijaribu kuingia.

"Amechukua nini?"

"Hakupata kitu, shangazi."

"Basi tumshukuru Mungu. Na hizo siku mbili nitapalilia mahindi, yamemezwa na magugu."

Nikaweka simu chini. Ndipo nilipokumbuka kwamba tangu asubuhi sikuwa nimekula, nikaenda kuchemsha chai.